Wiki Mbili ni za Nani?

Kaka yangu alikuwa amekaa juu ya kreti la soda nje ya nyumba ya mama yetu, kijijini Kitswamba, akihesabu kwa vidole. Mkononi alishika karatasi ya skani ya mkewe. Alihesabu mara ya kwanza, akarudia, kisha akaniita.

"Tulimzika mzee lini?"

Nikamwambia. Yeye ni mwanajeshi, na wakati wa msiba kikosi chake kilikuwa ng'ambo ya mpaka, Kongo. Alipewa siku nne za kuja kumzika baba, akarudi kazini. Sasa alikuwa amekuja likizo na kumkuta mkewe ana mimba.

"Tangu siku ile mpaka leo ni wiki kumi na sita," alisema. "Hii karatasi inasema wiki kumi na nane. Wiki mbili ni za nani?"

Niliitazama karatasi, nikamtazama na wifi yangu aliyekuwa akianika nguo huku binti yao wa miaka minne akimshikilia gauni, na ninakiri kwamba nilianza kuhesabu na mimi. Nilikuwa pale msibani. Niliwaona wakiingia chumba kimoja siku zote nne. Hata hivyo nilihesabu, nikakuta wiki mbili zimezidi, na kitu kama funza kikaanza kutembea ndani yangu.

Wifi yangu si mtu wa kwetu. Baba yake alikuwa askari kutoka kaskazini, naye alikulia kambini, akihama na familia kila baba alipohamishwa. Lhukonzo, lugha yetu, alikijua cha salamu tu, kwa hiyo nyumbani tulisema naye Kiswahili. Mama hakusema naye chochote. Kwa mama, mwanamke aliyekulia kambini alikuwa amekwisha kuhukumiwa kabla ya kufungua mdomo.

Jioni hiyo hiyo kaka alimuuliza mbele yetu sote. Wifi alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, aliweka chini sahani ya mihogo.

"Unaniuliza mimi?"

"Nauliza hesabu. Jibu."

"Mimi sijui hesabu ya mashine. Mimi najua wewe."

"Sawa," kaka alisema. "Tutapima DNA."

Siku hizi neno hilo liko midomoni mwa kila mwanamume. Redioni wanalisema, baa wanalisema, hata kanisani nimelisikia. Nilidhani anamaanisha mtoto akishazaliwa. Kumbe askari mwenzake alikuwa amemwambia kwamba kuna daktari anayefika mjini Kasese mara moja kwa mwezi kutoka mbali, anayeweza kupima mtoto angali tumboni. Anachoma sindano, anachota maji yanayomzunguka mtoto, anayapeleka maabara, na jibu linakuja kwa simu.

Mama ndiye aliyesema niende nao. "Wewe ni mtoto wa nyumba hii," aliniambia kwa Lhukonzo, ili wifi asielewe. "Ukae macho. Wanawake wa kambini wanajua kuongea na madaktari."

Nilikubali. Mimi nina duka la vitenge Bwera, karibu na mpaka, ninanunua mizigo inayovuka kutoka Kongo na kuiuza kwa wanawake wa huku. Nilifunga duka Jumatano nzima ili nikawe askari wa tumbo la mtu mwingine.

Kliniki yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga kando ya barabara iendayo Hima. Malori ya saruji yalipita bila kupumzika, na vumbi la kijivu lilikuwa limelala juu ya madirisha, juu ya viti, hata juu ya maua ya plastiki mezani. Ndani kulinuka mafuta ya kukaangia. Kwenye benchi walikaa mume na mke wengine wawili wasiotazamana.

Daktari alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini. Alikuwa anakula kuku tulipoingia. Hakuacha kula; alifuta vidole kwa karatasi, akachukua ile ya skani, akaisoma, akamsikiliza kaka akieleza hesabu yake ya wiki kumi na sita na wiki kumi na nane. Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayesikia habari za msiba.

"Ninakuelewa kabisa, afande," alisema. "Ni haki yako kujua."

Hakusema lingine kuhusu hesabu ile. Alipangusa shavu la kaka kwa ndani kwa kijiti chenye pamba, akakitia kwenye bahasha. Kisha akatoa fomu. Wifi akaweka sahihi, kaka akaweka sahihi, na mahali palipoandikwa shahidi nikaweka yangu. Sikuisoma. Hakuna aliyeisoma.

Wifi alipanda kitandani, akafunua tumbo. Kabla hajalala alivuta mkoba wake, akatoa kadi ya kliniki ya wajawazito aliyopewa Bwera. Kwenye jalada mkunga alikuwa ameandika kitu kwa wino mwekundu na kukizungushia duara.

"Daktari, damu yangu ni negativu," alisema. "Nilipozaa mtoto wa kwanza walinidunga sindano. Mkunga alisema mtu akinigusa tumboni hivi, au nikianguka, au nikitoka damu, ni lazima nidungwe tena."

"Hiyo ni ya wakati wa kujifungua, mama," daktari alisema bila kuitazama kadi.

"Hapana. Alisema hata mimba ikiwa—"

"Wee!" kaka alifoka. "Umeulizwa? Lala chini."

Wifi alinigeukia. Alinitazama mimi, si mumewe, kwa sababu mimi ndiye mwanamke pekee aliyekuwa mle ndani. Kadi bado ilikuwa mkononi mwake, imenyooshwa kuelekea kwangu.

Nikamwambia, "Wifi, acha daktari afanye kazi yake."

Alilala.

Daktari alipaka mafuta, akaweka ile mashine ya kutazamia juu ya tumbo. Alinung'unika kwamba kondo la nyuma limekaa mbele, limeziba njia. Aliisogeza mashine huku na huku, kisha akasema, "Basi, tutapita hapo hapo." Sikujua maana yake. Aliingiza sindano, ndefu kuliko kiganja changu. Wifi alishika ukingo wa kitanda na hakutoa sauti. Bomba lilipoanza kujaa, kilichopanda hakikuwa maji. Kilikuwa chekundu.

"Kidogo tu," daktari alisema. Akaichomoa sindano, akamwaga damu ile kwenye beseni, akachoma tena mahali pengine. Safari hii yalitoka maji ya manjano yenye nyuzi nyekundu ndani yake.

Aliyatia kwenye vichupa viwili, akafungua kisanduku cha barafu kilichokuwa chini ya meza. Niliona ndani yake. Mlikuwa na chupa za soda, pakiti ya maziwa, na nusu ya kuku aliyebaki, amefungwa kwenye mfuko mweusi. Maji ya mtoto wa kaka yangu aliyalaza ubavuni mwa kuku.

Nilitamani kusema neno, nikatafuta la kusema, nikakuta kwamba la maana nilikuwa nimekwisha kulizuia mimi mwenyewe.

Kesho yake, Alhamisi, wifi alinipigia simu kutoka Kitswamba. Nilikuwa dukani.

"Wifi, natoka damu kidogo. Nipeleke kwa mkunga wa Bwera. Ile sindano iko na siku zake."

"Kaka anasemaje?"

"Anasema daktari alisema ni kawaida. Anasema niache maneno."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya soko la mpakani, na mzigo wangu ulikuwa umevuka asubuhi ile. Nilimwambia asubiri soko lipite. Jumamosi nilichoka. Jumapili ni kanisa. Jumatatu nikaenda kumchukua.

Mkunga alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa ng'ambo aliyeolewa upande huu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kongo. Alimpima, akamsikiliza, akaniangalia mimi.

"Sindano ya tumbo ilifanyika siku gani?"

"Jumatano."

Alihesabu kimya. "Siku tatu," alisema. "Dawa inapashwa kuingia mbele ya siku tatu kuisha. Leo ni ya tano. Juu ya nini mulichelewa?"

Alikuwa na dawa. Alimdunga wifi hata hivyo, akisema labda itasaidia, labda haitasaidia. Kisha alikaa akatueleza, akipanga viganja vyake viwili kimoja juu ya kingine.

"Damu ya mama na damu ya mutoto hazichanganyike. Kila moja iko na njia yake. Ule muganga alipitisha sindano katikati ya kondo, akatoboa, damu ya mutoto ikaingia kwa mama. Kama mutoto alikamata damu ya baba yake, mwili wa mama unaiona kama adui. Unatengeneza askari. Sasa wale askari wako na njia ya kurudi kwa mutoto, na kule wanaua damu yake. Na mwili ukishajifunza ile kazi, hausahau."

Wifi alikuwa anatazama sakafu. Mkunga akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa na daktari.

"Kwa nini mulimuchoma? Mutoto alikuwa mugonjwa?"

Nikamweleza habari za wiki kumi na sita na wiki kumi na nane. Nilizieleza kwa kujiamini, kama mtu anayeleta ushahidi. Mkunga alinikazia macho mpaka nikanyamaza.

"Mama, wewe umezaa?"

"Wawili."

"Na haukujua? Mashine haihesabu tangu siku bwana alilala na bibi. Inahesabu tangu siku ya kwanza ya damu ya mwezi. Zile juma mbili zinatangulia kila mimba. Kila mwanamuke. Hata mama yako alipokuwa na mimba yako. Wiki kumi na nane za mashine ni wiki kumi na sita za bwana. Hesabu iko sawa kabisa."

Chumba kilikuwa na joto na harufu ya dawa ya kusafishia. Wifi aliinua uso polepole. Nilidhani atalia, lakini alicheka, kicheko kilekile cha jioni ile ya mihogo, kisha akafunika mdomo kwa kanga na kutoka nje. Nilimkuta ameinama karibu na tangi la maji, anatapika.

Jibu la DNA lilikuja kwa simu ya kaka baada ya majuma kadhaa. Mtoto alikuwa wake. Nilikuwa nimekwisha kumweleza maneno ya mkunga, naye alikuwa amesema wakunga wanateteana na wanawake wenzao. Sasa alicheka kwa sauti kubwa, akachapisha jibu mjini, akanunua mbuzi. Mama alipiga vigelegele. Majirani walikula na kunywa uani kwetu, na kaka akaionyesha karatasi kwa wanaume mmoja mmoja, nao wakampongeza kana kwamba amerudi vitani mshindi.

"Sasa mambo imeisha," alimwambia mkewe, akimsogezea ini kwenye sahani. "Kula."

Wifi hakula. Mimi nilikula kipande kimoja. Mafuta yake yaliganda kwenye ufizi, nikaenda kukitema nyuma ya banda la kuku.

Mambo hayakuwa yameisha. Kila alipopimwa damu, mkunga alisema wale askari wanaongezeka. Mimba ilipoingia mwezi wa nane walimpeleka hospitali kubwa, wakamzalisha kabla ya wakati. Alikuwa mvulana. Nilikuwa pale walipomleta, na sitaki kupamba nilichokiona: ngozi yake ilikuwa ya manjano, na weupe wa macho ulikuwa manjano kama mafuta ya kuku aliyelishwa mahindi. Walimweka uchi chini ya taa za buluu, macho yamefunikwa kwa pamba. Walimtoa damu yake na kumtia nyingine, mara mbili. Damu ya namna ile ni adimu, wakaitafuta hospitali kwa hospitali. Wifi alikaa kando ya kile kisanduku cha kioo majuma matatu, akikamua maziwa kwenye kikombe. Kaka alikuwa amerudi Kongo.

Mtoto akaishi. Walipotoka hospitali nilidhani hiyo ndiyo habari yenyewe, kwamba ameishi.

Nikaenda Kasese siku ambayo daktari huwa anakuja. Benchi lilikuwa na watu. Nilipita moja kwa moja mpaka mezani kwake, nikamweleza kila kitu: kondo, kadi, sindano ambayo hakuitoa, taa za buluu. Alinisikiliza kwa uso uleule wa msibani. Kisha akavuta faili, akatafuta fomu, akaiweka mbele yangu na kugonga kwa kidole mahali palipokuwa na sahihi yangu.

"Hatari zote zimeandikwa hapa. Kutoka damu, kuchanganyika kwa damu, mimba kuharibika. Ulishuhudia, mama."

Nilisoma. Zote zilikuwepo, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

"Na zile wiki mbili?" nilimuuliza. "Ulijua?"

Aliinua mabega. "Kila mwanafunzi wa udaktari anajua. Lakini bwana hakuja kwangu kufundishwa hesabu. Alikuja kupima."

Alilisema bila hasira wala aibu, na mdomo wake uling'aa mafuta. Nimewahi kuona mizoga barabarani, nimewahi kusafisha vidonda vya baba yangu siku zake za mwisho. Sijawahi kuona kitu kilichonitia kinyaa kama ule mdomo. Niligeuka kwa wanawake waliokaa kwenye benchi, nikawaambia kwa sauti, "Muulizeni damu zenu ni za namna gani kabla hajawachoma! Na zile wiki mbili si za mtu, mashine ndivyo inavyohesabu!" Mwanamke mmoja alimtazama mumewe. Mlinzi alinishika mkono akanitoa nje. Sijui kama kuna aliyenyanyuka kwenye lile benchi baada yangu.

Mtoto alipofika miezi kumi, wifi alidondosha kifuniko cha sufuria sakafuni. Dada yake mtoto alipiga kelele. Mtoto mwenyewe aliendelea kuchezea kijiko chake. Wifi aliokota kifuniko, akasimama nyuma yake, akakigonga kwa nguvu. Akakigonga tena. Hospitali wakasema ile manjano iliingia mpaka kwenye mishipa ya kusikia.

Kaka alipokuja likizo tulikaa sebuleni kwa mama, watu wanne na watoto wawili. Alimwita mtoto kwa nyuma, akapiga makofi, akapiga mluzi wa kijeshi. Mtoto hakugeuka. Kaka akamwambia mama, lakini kwa Kiswahili, ili mkewe asikie:

"Kwetu hakuna kiziwi. Hakujawahi kuwa."

Mama akaitikia, "Hakuna."

Nilimwangalia kaka yangu niliyembeba mgongoni akiwa mdogo, nikahisi ngozi ikinisisimka kama nimekanyaga kitu kilichooza. Wifi aliingia chumbani, akatoka na ile karatasi iliyochinjiwa mbuzi. Aliisoma kwa sauti, polepole, jina la kaka na cheo chake mpaka mahali panaposema ndiye baba wa mtoto. Alipomaliza aliikunja, akaiweka kwenye goti la mumewe.

"Hii iko yako, afande," alisema. "Ulitaka kujua. Sasa unajua."

Kaka hakuigusa. Alimwambia mama, "Huyu mwanamke ana damu mbaya," akavaa buti, akatoka.

Niliwachukua wifi na watoto siku hiyo hiyo, wakaja Bwera. Mama hajaongea nami tangu hapo, nami sijamtafuta. Kaka ametuma ujumbe mara mbili kwamba anataka mkewe arudi wazae mtoto mwingine, mzima. Mkunga alimweleza wifi kwamba mimba nyingine kwa mwanamume yule itakuwa mbaya zaidi ya hii. Wifi alimjibu mumewe kwa maneno machache ya kambini ambayo sitayaandika hapa.

Mtoto sasa ana miaka mitatu. Anatazama midomo, anatazama mikono, na akitaka maji anagonga shingo yake kwa kidole. Kuna mwalimu Kasese anayefundisha lugha ya ishara, tunampeleka Jumamosi kwa zamu, wakati mwingine mama yake, wakati mwingine mimi. Mimi sijifunzi haraka. Vidole vyangu ni vizito.

Wifi anauza dukani pamoja nami. Wateja wanampenda, anajua kuwachekesha. Mimi na yeye hatukuwahi kuzungumza juu ya Jumatano ile mpaka mwezi uliopita. Tulikuwa tunakunja vitenge vilivyokuwa vimetandazwa mezani, kila mmoja kashika upande wake, nikasema ghafla, bila kujipanga:

"Wifi, wewe ulinipa kadi. Ulininyooshea mkono. Na siku ya pili ulinipigia simu, nikakuambia soko. Naomba unisamehe."

Hakuniangalia. Alivuta upande wake wa kitenge ukanyooka, akapiga vumbi kwa kiganja.

"Shika vizuri huko," alisema. "Inakunjika."

Nikashika vizuri.